Rimoti ya zamani si takataka

Mhariri,

Mwandishi wenu wa teknolojia alieleza wiki jana kwamba anayetaka nyumba janja aanze kwa kuondoa vifaa vya zamani: runinga isiyo na intaneti, kiyoyozi kisicho na Wi-Fi, feni ya rimoti ya kawaida. Kwa maelezo yake, vitu hivyo haviwezi kuamrishwa na simu. Nilirudia kusoma hapo, nikadhani macho yamechoka. Runinga yangu haijui intaneti ni nini na huu ni mwaka wa pili inawashwa kwa simu. Kiyoyozi hali kadhalika. Mimi si mhandisi, ni fundi cherehani, na kinachofanya kazi hiyo ni kiboksi cha plastiki kilichokuwa kinahifadhia vifungo vya mashati.

Lililonisukuma ni Mama, mama wa mume wangu. Alipopata kiharusi mkono wa kulia ulibaki mzito, na kidole gumba chake kikitua kwenye rimoti kinafunika vitufe vitatu kwa pamoja. Rimoti yenyewe niliihesabu: vitufe 44. Yeye anahitaji vinne. Anataka kuongeza sauti, anagusa kile cha kubadilisha chanzo cha picha, kioo kinageuka buluu, naitwa. "Mwanangu, imekufa tena." Naacha suruali ya mtu na pini zake, naenda kuifufua. Kuna siku nilienda mara sita kabla ya adhuhuri.

Rimoti (najua kamusi inasema kitenzambali, neno zuri, ila sijamsikia mtu akiuliza nani amekalia kitenzambali) ni taa tu inayowaka na kuzima haraka. Ielekeze kwenye kamera ya simu, ubonyeze, utaona kitaa cha mbele kikimetameta kwa zambarau iliyopauka. Kamera ya nyuma isipoonesha kitu jaribu ya mbele, maana za nyuma aghalabu zina kichujio. Mwanga huo ni wa infraredi, nanomita 940 hivi, na jicho letu linaishia karibu na 700.

Kipimo hicho cha kamera kingeziokoa rimoti nyingi zinazotupwa. Kitaa kikiwaka kwa vitufe vyote isipokuwa kimoja, tatizo ni mpira wa ndani: chini ya kila kitufe kuna kipande cheusi cha kaboni, nacho kimechakaa au kimeshika mafuta ya vidole. Fungua, futa kwa spiriti, acha ikauke. Kitaa kisipowaka kabisa na betri ni mpya, angalia kutu kwenye springi. Na kama rimoti ilinyamaza baada ya kuanguka sakafuni, mshuku kwanza yule mdogo mwenye miguu miwili au mitatu, kipande cha seramiki kinachotetema mara 455,000 kwa sekunde. Kina tabia ya sahani: kikianguka vibaya kinapasuka. Rimoti nyingi hugawanya mtetemo huo kwa 12 na kupata karibu 38,000, na hiyo 38,000 ndiyo siri ya mambo yote haya.

Maana jua nalo limejaa infraredi. Taa zinazopata moto pia, hata mwili wa mtu una mionzi yake. Runinga itajuaje kwamba mwanga huu ni amri na ule ni alasiri tu? Waliotutangulia walijifunza hilo kwa taabu. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa Flash-Matic, kazi ya Eugene Polley: unamulika kwa kitu kama tochi kwenye pembe nne za runinga, na kila pembe ina jicho lake la kupokea mwanga. Jua likiingia dirishani runinga inajifanyia mambo yake. Mwaka uliofuata Robert Adler, wa kampuni hiyohiyo, akauacha mwanga kabisa akatumia sauti isiyosikika na sikio la mtu: ndani ya rimoti mlikuwa na vijiti vya alumini na vinyundo vya kuvigonga, wala haikuhitaji betri. Infraredi ilipokuja kushika nafasi, dawa ya jua ilikuwa kuupigisha mwanga wenyewe, uwake na kuzima mara 38,000 hivi kwa sekunde, na kipokezi kifundishwe kupuuza kila kisicho na mdundo huo. Mdundo hutofautiana kidogo. Philips katika RC-5, mtindo wao wa kupanga amri, walitumia 36,000, Sony 40,000.

Juu ya mdundo huo ndipo ujumbe unaposhonwa, na hapa niseme nilielewa haraka kuliko mume wangu ambaye kidogo ana masomo ya umeme. Katika mtindo wa NEC, ulioenea sana, kwanza mwanga unapiga kwa milisekunde 9 mfululizo, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Unanyamaza milisekunde 4.5. Kisha inakuja mishono 32, yote ya urefu uleule, mikrosekunde 560 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu milisekunde. Uzi uleule, mshono uleule, kinachobadilika ni nafasi kati ya mshono na mshono. Nafasi fupi, sawa na mshono wenyewe, ni sifuri. Nafasi ndefu, mara tatu yake, ni moja. Mishono minane ni anwani ya kifaa, minane inayofuata ni anwani ileile iliyogeuzwa kinyume, minane amri, minane amri iliyogeuzwa. Runinga inalinganisha, visipokubaliana inaacha. Sisi tunapima mara mbili ndipo tukate. Basi na wao wanapima mara mbili.

Nilinunua kipokezi cha miguu mitatu na kibao kidogo chenye ESP8266, chipu ya Wi-Fi iliyoingia mikononi mwa wapenda ufundi mwaka 2014. Programu sikuandika mwanzo hadi mwisho, nisijisifu. Ken Shirriff aliitoa IRremote, mkusanyiko wake wa programu za kusoma na kutuma infraredi, kwa kila mtu tangu 2009, na wengine wakaiendeleza hadi ikafika kwenye chipu hii. Unaelekeza rimoti ya zamani kwenye kipokezi, unabonyeza, na kwenye kioo cha kompyuta inatokea namba. Hiyo ndiyo sauti juu. Andika kwenye daftari. Bonyeza nyingine. Kitufe ukikishikilia utaona ujumbe haurudiwi wote. Kila baada ya milisekunde 110 hivi inatumwa alama fupi tu ya kusema "bado, bado".

Kusikiliza kulichukua jioni moja. Kusema kulichukua wiki.

Kwanza nilichomeka taa ya infraredi moja kwa moja kwenye mguu wa kibao. Ilifanya kazi, ila ilibidi kiboksi kikae umbali wa shibiri moja kutoka kwenye runinga. Kumbe mguu ule unatoa miliampea 12 tu kwa usalama, na taa hizi zinataka 100. Dawa ni transista, kile kidude cha miguu mitatu kinachoruhusu mkondo mdogo ufungulie mkubwa. Hesabu yake nilipigia kwenye karatasi ya vipimo: chaja ya simu inatoa volti 5, taa inakula 1.4, transista 0.2, zinabaki 3.4. Gawanya kwa ampea 0.1, unapata omu 34. Rezista, kidude cha kuubana mkondo, ya omu 33 ndiyo ipo. Nikaweka na ya omu 470 kati ya kibao na transista. Siku hiyo niliwasha runinga kutoka mwisho wa chumba, kiboksi kikiwa kimeelekea ukutani kabisa, maana ukuta mweupe unarudisha mwanga huu kama unavyorudisha ule wa kawaida. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Vitufe vya Mama ni vinne. Swichi zenyewe ni ndogo, hivyo juu ya kila moja nilibandika kifungo cha nguo. Cha kuwasha na kuzima kimefunikwa mahameli. Sauti juu ni kifungo kikubwa cha koti chenye matundu manne, sauti chini ni kidogo cha aina hiyohiyo. Stesheni inayofuata ni cha chuma, cha jinzi, baridi kidoleni. Hahitaji miwani wala mwanga; anapapasa tu. Kwenye programu niliongeza kwamba akigusa viwili kwa pamoja hakuna kinachotokea, na baada ya mguso mmoja kiboksi kinatulia theluthi moja ya sekunde kabla ya kukubali mwingine, kwa sababu mkono wake hutetemeka. Rimoti gani ya dukani itanifanyia hilo?

Sasa nieleze kilichonikera, maana mwandishi wenu hakukigusa kabisa ingawa ndicho kinachowakwaza wengi wanaojaribu. Rimoti inasema lakini haina masikio. Inatuma amri na haijui kama imefika. Na kitufe cha kuwasha ndicho hichohicho cha kuzima! Nilipanga kiboksi kiwashe runinga kila siku saa ya taarifa ya habari. Siku tatu mambo safi. Ya nne mume wangu aliwahi, akawasha mwenyewe, na msomaji alipofungua mdomo tu kiboksi kikatuma msimbo wake na runinga ikazima. Mama alimtazama mume wangu, mume wangu akanitazama mimi.

Baadhi ya runinga zina msimbo wa kuwasha peke yake na wa kuzima peke yake, ila rimoti inayokuja nayo haina vitufe hivyo. Ni misimbo ya mafundi. Watengenezaji wanaijua. Kwa nini isichapwe kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu, pale wanapojaza maonyo ya kutoiweka runinga bafuni? Yangu sikuipata. Nikaenda kwa njia ya uani: tundu la USB nyuma ya runinga yetu lina umeme pale tu runinga inapowaka. Nilitoa waya hapo, nikaupitisha kwenye rezista mbili, ya omu 10,000 na ya omu 20,000, ili volti 5 zishuke hadi 3.3 ambazo kibao kinavumilia. Sasa kabla ya kutuma kinaangalia. Anayetaka kuiga apime kwanza tundu la runinga yake, kuna zinazotoa umeme hata zikiwa zimelala.

Kiyoyozi kilinitoa jasho, na si kwa joto. Nilinasa kitufe cha kuongeza joto nikidhani nimepata "ongeza nyuzi moja". Kila nikituma kinakwenda 24. Nikituma tena, 24. Nikadhani kimeharibika. Kumbe rimoti ya kiyoyozi haisemi "ongeza". Inasema kila kitu kila mara: washa, baridi, nyuzi 24, feni polepole, hewa ielekee juu. Kioo kile kidogo kwenye rimoti hakioneshi hali ya kiyoyozi, kinaonesha rimoti inavyoamini mambo yalivyo. Ndiyo maana ujumbe wa runinga una biti 32 (zile sifuri na moja) na wa kiyoyozi chetu unapita 100, na ndiyo maana majaribio yangu ya mwanzo yalikatika katikati: sampuli ya programu niliyoanza nayo ilikuwa na nafasi 100 za kupokelea, nikazifikisha 1,024, nikaongeza na muda wa kusubiri kimya kutoka milisekunde 15 hadi 50, ndipo ukaingia mzima. Lakini ukishaelewa, kiyoyozi ndicho rahisi kuliko runinga. Hakina utata wa kuwasha na kuzima. Unasema unachotaka, kinakuwa hivyo, hata ukikisema mara kumi. Nikaweka na kipima joto kando ya kitanda cha Mama, kikifika 28 kiboksi kinatuma.

Kuna jambo moja ambalo sikulifanya. Nilitaka pia kuzima pasi kwa simu, kwa sababu kila fundi cherehani amewahi kutoka nyumbani akarudi mbio akijiuliza kama aliizima. Rilei ndogo, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zifungulie mkubwa, za kuchomeka kwenye kibao zipo, zimeandikwa ampea 10. Pasi yangu ni ya wati 2,000. Kwa volti 230 inavuta karibu 9. Kwenye karatasi inatosha. Fundi umeme aliyenitazamia alikigeuza kile kibao, akanionesha njia ya shaba nyembamba kama uzi na nafasi kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 5, nafasi ndogo kuliko tundu la kifungo. "Mama, hii usiifanye," akasema, na sikuifanya. Wanaowaambia vijana waanze na rilei za umeme wa ukutani wanawakosea. Infraredi hukutana na umeme wa chaja ya simu tu. Ukikosea, taa ndogo inaungua na unapata harufu. Pasi naizima kwa mkono, nachomoa na plagi.

Makala ilisifu pia kwamba vifaa vipya huunganishwa na seva, yaani kompyuta za mtengenezaji zilizo mbali, ukawasha taa ukiwa safarini. Ninayo plagi ya namna hiyo, kampuni siitaji. Siku moja walifunga huduma, programu kwenye simu ikaniambia imeshindwa kuunganisha, na tangu hapo ni plagi kama plagi nyingine, ila nono. Kiboksi changu kinazungumza na ruta ya ndani tu. Intaneti ikikatika, simu yangu bado inakipata kwa sababu ukurasa wenye vitufe unatoka kwenye kibao chenyewe. Siku ruta nayo inapozima, vifungo vya Mama vimeungwa kwa waya, haviulizi mtu. Sijafungua mlango wowote wa kukifikia kutoka nje, na sioni haja. Nikiwa safarini runinga ya kwetu inanihusu nini?

Sisemi hakina kasoro. Infraredi haipiti ukuta, kila chumba kitataka kiboksi chake. Alasiri jua linapoingia moja kwa moja usoni pa runinga kipokezi chake hulewa, mdundo au hakuna mdundo, na nimeshona pazia zito kwa ajili hiyo. Runinga mbili za aina moja kwenye chumba kimoja zitatii zote mbili, maana hakuna kuulizana majina. Na nilipomfanyia jirani mwenye runinga ya Sony kiboksi chake hakikufua dafu mpaka nilipotuma kila ujumbe mara tatu, kwani mtindo wao hutaka kurudiwa ndipo uaminike. Ningejua mapema ningelala usiku ule.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba masahihisho ya ile sentensi isemayo vifaa vya zamani haviwezi. Vinaweza. Nimeshaona kwa jirani runinga nzima, kioo kizuri, imetolewa nje karibu na pipa kwa sababu rimoti imekufa na mpya haipatikani. Niliichukua. Msimbo wake ulikuwa NEC wa kawaida, anwani niliipata kwa kujaribu moja moja huku nikipiga pasi kola.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi cherehani

N.B. Mwandishi wenu akitaka mchoro wa waya ninao. Uko nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali, hivyo anivumilie: 86 si omu, ni kiuno cha mtu.